Mtoto Haoshi Maiti

Mimi nilikuwa mtoto mpaka nilipovuka miaka hamsini. Usicheke. Nilikuwa na nyumba yangu Dunda, Bagamoyo, nimesomesha watoto wa watu kule Lugoba mpaka wakaja kuniletea watoto wao nao niwasomeshe, mvi zimenijaa chini ya ushungi na magoti yananiuma kila masika. Njiani naitwa mama, naitwa mwalimu, vijana wa bodaboda wananitupia shikamoo bila hata kupunguza mwendo. Lakini nikifika kwenye shughuli ya ukoo wa mama yangu kule Miono, naoneshwa mkeka wa watoto.

Kwetu msichana hawi mtu mzima kwa kuhesabiwa miaka. Akivunja ungo anawekwa ndani, anafundwa na kungwi, kisha anachezwa ngoma na kutolewa nje mbele ya watu. Tangu siku hiyo anaingia kila chumba wanachoingia wanawake wakubwa. Asiyechezwa haingii. Haingii anapofundwa mwali mwingine, haingii kwa mzazi aliye katika uchungu, haingii anapooshwa maiti. Aliyeolewa haulizwi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba hakuna anayeolewa kabla ya kuchezwa. Mimi sikuchezwa, wala sikuolewa. Kwa mama zangu nilikuwa binti mkubwa tu, mwenye miwani.

Aliyezuia nisichezwe ni baba. Baba alikuwa mtu wa mabwawa ya chumvi, kaskazini ya mji, na alikuwa na donge lake la tangu utotoni. Zamani alipopelekwa shule, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Ndivyo walivyojua mtoto amefika umri. Vidole vyake havikufika. Akaambiwa bado mdogo, arudi mwakani. Mwakani vidole vilifika, lakini babu alikuwa ameshampa jembe, na kwenye jembe hakuna anayepima sikio. Kwa hiyo baba kwa serikali alikuwa mdogo na kwa babu alikuwa mkubwa, siku ile ile, na hakusoma mpaka alipokutana na madarasa ya jioni ya watu wazima akiwa na ndevu.

Nilipovunja ungo nilikuwa nimeshafaulu kwenda sekondari. Mama zangu wa Miono walikuja wakiwa wamejitanda kanga mpya, wamekuja kuniweka ndani. Baba alisimama mlangoni na kikoi chake chenye madoa ya chumvi. "Shule ndiyo ngoma yake," alisema. Wakamlaumu, wakamlilia, wakamwambia anamfanya mtoto wao kilema. Hakuondoka mlangoni. Mama yangu alikaa jikoni akichochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu, hakusema neno.

Mnataka kujua kwa nini sikuolewa, maana watu hawana haya, huuliza. Walikuja. Mmoja alitaka niache kazi. Wawili niliwafukuza kwa mdomo wangu mwenyewe, sisemi uongo, mdomo ninao. Baadaye wakaacha kuja, nami nikaona nyumba yangu haina kelele na chai yangu naikoroga sukari ninayotaka. Sikujuta sana. Kilichoniuma ni kingine.

Bibi yangu mzaa mama alipofariki nilikuwa tayari msaidizi wa mwalimu mkuu. Nilifika Miono na sanda mkononi. Bibi alikuwa amenilea likizo nyingi, alinifundisha kupepeta mpunga na kutukana kwa heshima, nami nilitaka kumfanyia lile la mwisho. Mlangoni alisimama mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, mwanamke mwembamba mwenye uso mkavu, ambaye katika ukoo wetu ndiye aliyekuwa anashika milango yote ya namna hiyo. Aliipokea sanda, akaweka mkono kwenye mwimo.

"Ahsante, mwanangu. Wewe kaa nje. Mtoto haoshi maiti."

Nyuma yangu akaja binti wa mjomba, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuandika jina lake. Alikuwa kaolewa juzi juzi, hina haijatoka vidoleni. Akapishwa, akaingia. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia, na nitasema kweli, sikulia msiba, nililia hasira.

Baadaye nilimwuliza sheikh wetu. Akasema binti ana haki ya kumwosha mama yake kuliko wote, dini haijui habari ya ngoma. Nikampelekea mama mdogo neno hilo, nikidhani nimemkamata. Akaniangalia tu. "Sheikh na aoshe wanaume wake," akasema. "Huku ndani ni kwetu."

Basi hapo nikajua litakalonikuta. Baba alitangulia, naye alioshwa na wanaume, hilo halikunihusu. Lakini mama alikuwepo. Nilimchukua akaja kuishi nami Dunda, na kila mwaka nilipomwona anapungua mwili nilikuwa nawaza kitu kimoja: siku yake ikifika, nitakuwa nje, napikia wageni chai, na wengine ndio watakaommwagia mama yangu maji.

Mwaka jana moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa halali ila kwa kuegemea mito. Hospitali walitupa dawa na wakaniambia kwa upole nisimsumbue sana kwa safari. Nikamwekea kitanda chumba cha uani, penye hewa, na redio karibu. Alipenda redio kuliko mimi. Asubuhi moja watu walikuwa wanabishana redioni umri wa msichana kuolewa, huyu anasema kumi na nane, yule anasema mila ziheshimiwe, mwingine anataja sheria. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nizime.

"Kumi na nane," akasema. "Mtu akikuuliza mimi nina mingapi utamwambia nini?"

"Nitamwambia themanini na kitu."

"Na kitu," alicheka, kisha kikohozi kikamshika. Alipotulia akanishika kiganja. "Nikifa nataka unioshe wewe."

Nilijifanya nakunja shuka. Nikamwambia asizungumze habari hizo, kila mtu na ajali yake, anaweza kunizika mimi. Akaning'ang'ania. Nikamwambia, "Mama, unajua wataniweka nje. Mdogo wako atasimama mlangoni."

"Najua. Ndiyo maana nimemwita kungwi aje Ijumaa."

Nilikasirika. Wallahi nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilimwambia mama maneno yaliyokaa tumboni tangu usichana wangu: kwamba siku ile walipokuja kunichukua alinyamaza jikoni, kwamba wenzangu wote wamenipita kwenye milango huku yeye ameketi ndani akiniona, na leo, leo ndiyo anakumbuka, mimi na magoti yangu haya nikalishwe chini kama kigori? Watu wakijua si nitakuwa kichekesho cha soko zima?

Alingoja nimalize. "Nilinyamaza kwa sababu baba yako alikuwa anasema maneno yangu," alisema. "Zamani mwali akitolewa nje, wachumba wanangoja nyuma ya ua. Nilitaka usome. Sasa umesoma, umesomesha, umestaafu. Mimi nataka mkono wako. Sitaki kuguswa na mikono ya watu hali mwanangu yupo nje anapima majani ya chai."

Nilitoka nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa baada ya sala kungwi akaja. Alikuwa bibi wa mtaa wa pili, asubuhi anauza vitumbua, mchana anafunda wali, mfupi, mweusi wa kung'aa, na kicheko kinachotangulia kabla yake. Wali wenyewe siku hizi, alikuwa analalamika, wanaletwa likizo ya Desemba wiki moja tu, wanataka keki na muziki wa spika, na mmoja alimwuliza kama anaweza kurekodi mafundisho kwenye simu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Huyu ndiye mwali?" akamwuliza mama.

"Ndiye."

"Haya. Mboga imekomaa lakini italika." Akacheka, mama naye akacheka, mimi nikanuna. Kisha kungwi akakaa kitako na uso ukawa wa kazi. "Lakini mnajua mwali hachezwi peke yake. Mwenzake nani?"

Hilo nilikuwa nimelisahau. Kwetu wali huchezwa wawili, au zaidi, mmoja peke yake hatolewi nje. Hao mliofunikwa kanga moja mnakuwa wenza mpaka kufa. Mkubwa yeyote akitaka kujua kama kweli umechezwa, haulizi mwaka wala mahali. Anauliza, ulichezwa na nani? Nami nichezwe na nani? Wa rika langu wote walikuwa bibi za watu. Nifunikwe kanga moja na mtoto wa kidato cha kwanza? Nikamwambia mama, basi, shughuli imekwisha, tumshukuru bibi anywe chai aende.

Mama alikuwa ametazama dari. "Mwenzake ni mimi," alisema.

Kungwi akacheka tena, akadhani ni mzaha. Alipoona mama hacheki, akasogea karibu na kitanda.

Mama alieleza polepole, kwa vipande, kila baada ya sentensi mbili anavuta pumzi. Mwaka mmoja wa njaa, zama za Mkoloni, babu yangu alikuwa na watoto wa kike na ghala tupu. Akaja mwanamke wa kijiji cha pili kumtafutia mwanawe mke. Hakuuliza umri, nani aliujua? Alimtwisha mama mtungi wa maji kichwani, akamwambia atembee nao kutoka kisimani mpaka kizingitini. Usipomwagika, amekua. "Kifua changu kilikuwa kama cha mvulana," mama alisema. "Meno mengine yalikuwa bado yanaota. Lakini nilikuwa najivunia kubeba mtungi. Nikaenda nao taratibu, sikumwaga hata tone. Laiti ningeuvunja."

Akapelekwa. Akawa analala chumbani kwa mama mkwe wake kwanza, anatwanga, anawinga ndege shambani. Alipovunja ungo alikuwa hukohuko ukweni, msimu wa mpunga, kila mkono unatakiwa. Mama mkwe akampa kitambaa, akamwambia rudi shambani, ndege wanamaliza. Hakuwekwa ndani. Hakuchezwa. Ukweni walidhani kwao walishamaliza mambo yao kabla hawajamtoa. Kwao walidhani ukweni watamaliza wakati ukifika. Kila upande uliona aibu kuuliza upande wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa mke wa mtu, na mke wa mtu haulizwi.

Baadaye yule mume alimwacha, akaja Bagamoyo, akaolewa na baba yangu, akanizaa mimi. Miaka yote hiyo alikuwa anaingia kwenye vyumba vya wakubwa. Ameosha maiti, amepokea watoto, amekaa mbele kwenye ngoma za wali, amewabariki kwa mkono wake, na kila mara moyo ukimdunda kwamba leo kuna atakayemwuliza: na wewe ulichezwa na nani?

"Hata baba hakujua?" nikamwuliza.

"Baba yako alikuwa mwanaume. Angejua nini?"

Nilimtazama mama yangu pale kwenye mito, nikaona aibu ya hasira niliyokuwa nayo. Mimi mlango nilifungiwa, lakini angalau nilijua nipo nje. Yeye alikaa ndani umri mzima kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Kungwi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Dada yangu," alisema, "na mimi uliniwekea mkono kichwani siku yangu."

"Ndiyo. Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Mkono wako ulikuwa mzito na mzuri." Akasimama, akafunga mlango, akafunga na dirisha la kwenye njia. Mama akatuapisha. Halitoki neno nje ya chumba hiki. Zaidi ya wote, mdogo wake wa Miono asijue, kwa sababu yule ndiye anayeshika sheria za ukoo, na akijua atasema wasichana wote waliowekewa mkono ule walipotezwa. Tukaapa.

Aliyotufundisha kungwi siyasemi. Huo nao ni mwiko, na sasa mimi ni mtu mzima, nayajua ya kunyamaziwa. Nitasema tu kwamba alitupaka msio wa liwa, akatufunika kanga moja, mimi nimejikunja kitandani kando ya mama na goti langu linalalamika, na akawa anapiga ngoma kwa vidole kwenye bakuli la plastiki, polepole, majirani wasisikie. Mengine niliyoyasikia mule nilikuwa ninayajua. Mengine, kwa elimu yangu yote, sikuwa ninayajua. Mama alikuwa anaitikia kila penye kuitikiwa, kabla yangu, kwa sababu aliyasikia mara nyingi akiwa upande wa pili wa kanga. Mahali fulani kungwi alitukaripia, kama wanavyokaripiwa wali, akatuambia tuna vichwa vigumu kama kamba za ngalawa, nikasikia mama anacheka chini ya kanga na tumbo lake linatikisika kwenye mkono wangu. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akicheka kicheko kile. Kilikuwa cha msichana.

Ilipokwisha, kungwi akasema sasa kilichobaki ni kutolewa nje, lakini mgonjwa hawezi, tutasamehe.

"Msisamehe," mama alisema. Sauti ilimbadilika. "Mwaka ule wenzangu walitolewa nje wamebebwa mabegani, na kanga mpya. Mimi nilikuwa jikoni kwa mama mkwe nasonga ugali, nikawaona kwenye upenyo wa makuti wakipita. Wanacheka. Nilitaka na mimi nibebwe."

Alilia. Mama yangu, niliyemwona akizika mume bila kutoa sauti, alilia kwa kutobebwa.

Kungwi mgongo wake umechoshwa na kuinamia vitumbua, hawezi kunyanyua ndoo. Basi nikaja mimi. Nikachutama kando ya kitanda, kungwi akamsaidia akanikumbatia shingo, akamfunga mgongoni kwangu kwa kanga kama anavyofungwa mtoto mchanga. Alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. "Mwali kumbeba mwali!" kungwi alinong'ona. "Haya mambo sijayaona." Nikafungua mlango, nikatoka naye uani kwenye jua la alasiri, nikazunguka kisima, nikapita chini ya kamba ya nguo. Kungwi nyuma yetu akipiga vigelegele vya kimya, ulimi unacheza lakini sauti haitoki. Jirani akachungulia juu ya ua, akauliza bibi ana nini.

"Anaota jua," nikamjibu.

Mama alikuwa ameweka shavu kwenye bega langu. "Nishushe sasa, mwenza," alisema, "utaumia." Toka siku hiyo, tukiwa wawili, aliniita hivyo. Si mwanangu tena, si mwalimu. Mwenza. Na mimi nikimpa uji nilikuwa namwita hivyo hivyo, na tulikuwa tunachekana kama wajinga.

Alifariki kabla ya mvua za vuli, alfajiri, baada ya kuniomba maji. Alikunywa, akasema alhamdulillahi, akafumba macho. Sitaeleza zaidi.

Watu wakajaa. Wanaume nje kwenye viti vya kukodi, wanawake ndani, maji yanapashwa moto uani, mtu anatafuta kafuri, mtu anauliza pamba. Mama mdogo akafika kutoka Miono, bodaboda ikamshusha mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope. Alinikumbatia akalia nami, kweli alilia, alimpenda dada yake. Kisha akajifunga kanga kiunoni na kwenda chumbani. Mule walikuwa kungwi na yule binti wa mjomba, wakimsitiri marehemu. Mimi nikaja nyuma na ndoo ya maji. Akageuka, akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango, palepale anapouweka siku zote.

"Lete ndoo, mwanangu. Wewe kaa na wageni. Unajua mtoto haoshi maiti."

"Mwache aingie," kungwi akasema kutoka ndani. "Amechezwa. Nimemcheza mimi."

Mama mdogo alinitazama. Sikuona ubaya usoni mwake. Niliona uchovu, na kushika sheria kwa mtu ambaye hana kingine cha kushika siku ya msiba. "Mashallah," alisema. "Alichezwa na nani?"

Ndoo ilikuwa mkononi, mvuke unanipanda usoni. Nilijua maneno mawili tu yangenitosha: na mama. Nilijua pia kwamba nje pale sheikh yupo, nikipaza sauti angekuja kusema haki ni yangu, na ingekuwa yangu kweli. Lakini nipigane mlangoni mama amelala pale? Na kiapo changu je? Miaka yote ile alificha, mimi nimfunue siku ambayo hawezi hata kujifunika mwenyewe? Nilimtaka mama yangu. Nilitaka kumwosha kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Nikainama niweke ndoo chini, nikasema, "Basi, mama mdogo. Mwosheni taratibu. Bega la kushoto linamuuma."

Nikawa nimeshageuka. Ndipo kungwi aliposema, taratibu, huku hatazami mtu: "Mwenzake yumo humu ndani. Anamsubiri."

Mama mdogo akageuka. Alimtazama kungwi. Alimtazama binti wa mjomba, ambaye alitikisa kichwa, yeye alichezwa Miono na kila mtu anajua na nani. Hakukuwa na mtu mwingine mle chumbani. Macho yake yakaenda kitandani, yakakaa hapo. Niliona mkono unateleza kutoka kwenye mwimo.

"Dada naye?" alisema.

Akashuka chini polepole, akakaa kwenye kizingiti, miguu nje, kama mtu aliyeishiwa nguvu njiani. Nilichutama mbele yake. Nilikuwa tayari kumtetea mama yangu kwa lolote, nilikuwa na maneno makali mdomoni, lakini uso wake haukuwa wa hasira.

"Mwaka uleule wa njaa," alisema, kwa sauti ambayo wageni hawakuisikia. "Aliozwa yeye, mvua iliyofuata nikaozwa mimi. Na mimi walinitwisha mtungi. Walinipeleka bado nacheza kombolela. Mume wangu ananiuliza, nasema nilichezwa kwetu. Kwetu wananiuliza, nasema ukweni. Siku zote nikidhani ni mimi peke yangu. Nikimwona dada amekaa na wakubwa, najisemea, yeye mwenzangu ametimia. Nikawa nashika mlango ili mtu asiniulize mimi."

Alijifuta uso kwa kiganja, vumbi la njiani likabaki mistari. Walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni, ndugu hawa wawili. Walikuwa wamekaa pamoja katika misiba yote ya ukoo, bega kwa bega, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Maji yalikuwa yanapoa. Uani mtu aliita kuuliza kama tunahitaji ndoo nyingine. Mama mdogo alitazama ndani, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe aliniuliza kitu kama mtoto anavyomwuliza mkubwa.

"Sasa mimi nitaingiaje?"

Nikaibeba ndoo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nikampa yeye, nikamnyanyua kizingitini, tukaingia.